Thika kwa Futi ya Fundi wa Sare

Mdogo wangu yuko Kisauni, Mombasa, ana cherehani mbili na watoto watatu, na sasa roho inamwambia apande bara. Juzi usiku alinipigia simu akaniuliza, "Dada, hebu nambie kweli. Hiyo Thika ni mji wa kukaa, au ni mji wa kulala tu, watu wakisubiri kupambazuke warudi zao Nairobi?" Salio lilikuwa linaisha, nikamjibu nusunusu. Leo ni Jumapili, karakana nimefunga, nimekaa nimjibu kwa kituo. Na wewe unayetafuta nyumba huku, soma. Haya ni ya mtu aliyekaa, hakupita njia.

Mimi hushona sare za shule. Nilishuka hapa Januari 2013 na Singer ya kukanyaga iliyofungwa kamba juu ya basi, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Mume wangu alikuwa ametangulia, amepata kibarua kiwandani. Barabara kuu mpya ya kutoka Nairobi ilikuwa na miezi miwili tu tangu Rais Kibaki aifungue rasmi, Novemba 2012, na kila mwenye ploti kati ya Pangani ya Nairobi na hapa alikuwa anachimba msingi. Tukapanga chumba kimoja mtaa wa Makongeni kwa 2,800. Jirani wa kwanza kuniamkia aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Mombasa. Tangu siku hiyo jina langu mtaani ni Mama Mombasa, na hata watoto waliozaliwa baada ya mimi kufika wananiita hivyo hivyo wakija kupimwa.

Kwanza ujue mji wenyewe. Thika iko kilomita kama 45 kaskazini-mashariki ya Nairobi, ndani ya Kaunti ya Kiambu, na sensa ya 2019 iliipa watu zaidi ya 250,000. Ruiru, unayoipita ukija huku, imetuacha mbali kwa watu, ina karibu mara mbili yetu. Lakini sehemu kubwa ya Ruiru imeota juzi tu, kwa ajili ya watu ambao mishahara yao iko Nairobi. Thika ilikuwa na kazi zake kabla ya hapo. Reli ilifika hapa 1913, na 1924 pakatangazwa kuwa mji rasmi. Kahawa na katani ndivyo vilivyoleta magari ya moshi, kisha vikaja viwanda vya kusindika, na viwanda vikaleta watu wa kila kabila. Wazee wanasema zamani ilipachikwa jina la Birmingham ya Kenya. Nakuambia haya kwa sababu ukija ukidhani umehamia kitongoji cha Nairobi, utaishi hapa miaka mitano bila kujua ulikuwa wapi.

Sasa usafiri, maana ndio kila mtu anaouliza kwanza. Matatu za Thika na Nairobi ni namba 237, na hazikatiki tangu alfajiri hadi usiku. Mchana nauli yangu ya kawaida ni 100, asubuhi na jioni 150, na mvua ikinyesha jiandae kwa 200. Barabara ina njia nane upande wa Nairobi, zinapungua kadiri unavyokaribia huku. Ukiondoka Thika saa nne asubuhi, dakika hamsini uko katikati ya jiji na jora lako la kitambaa begani. Hilo ni jambo kubwa kwa fundi. Nikipungukiwa zipu au vifungo vya rangi fulani, nakwenda Nairobi, nanunua, na kabla ya adhuhuri nimerudi kwenye cherehani. Mombasa nilikuwa nikiagiza kitu kama hicho nangoja siku tatu.

Jioni ni habari nyingine. Kutoka katikati ya jiji hadi kupita Pangani kunaweza kukumalizia saa nzima, na ukishavuka hapo ndipo gari hukimbia. Na kuna jambo moja ambalo wenyeji wanalijua, mgeni hujifunza kwa uchungu. Usiku mmoja wa Novemba, mvua ikinyesha, nilipanda gari lililoandikwa Thika ubavuni. Tulipofika Juja tumebaki abiria sita, dereva akaegesha. Makanga akasema gari haliendi mbele, tushuke, akatusukumia kwenye gari jingine lililokuwa limejaa hadi mlangoni. Huku kunaitwa kuuzwa. Tuliuzwa, na nilisimama hadi mjini nimekumbatia sketi thelathini zilizokuwa zinatakiwa shuleni kesho yake. Zikafika zimelowa, nikalala saa tisa nikipiga pasi. Tangu hapo sipandi kabla sijauliza, "Thika mwisho?" na nikaambiwa ndiyo mbele ya abiria wenzangu. Chama kile cha matatu sikitaji, na siku hizi nimepata chama kimoja ambacho hakijawahi kuniuza. Mwenyeji yeyote atakuonyesha steji yake.

Jengo ninalokaa sasa lina jirani anayefanya kazi benki Nairobi. Anatoka saa kumi na nusu alfajiri, anarudi saa tatu usiku. Ni kijana mzuri, ananisalimia, "Shikamoo mama," nami naitikia, kisha simwoni tena mpaka Jumapili. Analipa kodi kama mimi. Nilimuuliza siku moja kama amewahi kufika soko la Madaraka, akaniambia hajui liko upande gani. Ana miaka minne hapa. Kwake yeye Thika ni kitanda cha mbali na nauli ya 300 kwa siku. Mtu wa maisha kama yake ningemshauri atafute chumba huko huko Nairobi, mtaa wa Roysambu au wa Kahawa, alale zaidi.

Nyumba. Chumba cha 2,800 cha wakati ule sasa hukipati. Nalipa 9,500 kwa chumba na sebule, na karibu na Chuo Kikuu cha Mount Kenya bedsita ndogo inakwenda kwa bei inayonishangaza, kwa sababu wanafunzi hawana la kufanya ila kulipa. Ngoingwa kuna utulivu na nyumba za wenye nafasi. Makongeni kuna kila kitu, kelele zikiwemo, na jioni barabara ya Garissa inapojaa magari unaweza kutembea kwa miguu ukafika kabla ya mwenzako aliye ndani ya matatu. Kabla hujatoa amana, fungua bomba mwenyewe. Mwenye nyumba wangu wa pili aliniahidi maji kila siku, na katika miezi saba niliyokaa pale yalikuwa yakitoka Jumanne na Ijumaa usiku, tukijaza mitungi kwa foleni. Ploti jirani, ukuta kwa ukuta nasi, yalikuwa yakitoka wiki nzima. Shida ilikuwa tangi lake na pampu yake, wala si mji, kwa hiyo angalia tangi lilipo na ukubwa wake, na umuulize mpangaji mwingine akiwa peke yake.

Na maji haya yana habari yake. Mji umekaa kati ya mito miwili, Chania na Thika, inayotoka milima ya Aberdare. Huko juu, Ndakaini, mto Thika umezuiwa kwa bwawa lililokamilika 1994, lenye uwezo wa kubeba lita bilioni 70, na sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka hapo. Kila kiangazi kikikaza watu wa Nairobi hutazama kina cha Ndakaini kama wavuvi wanavyotazama mwezi. Mimi niliyekulia maji ya chumvi ya kisima, kuoshea nguo mpya maji matamu na kuona povu la sabuni likijaa beseni bado ni furaha.

Nimefika kwenye kitambaa, na hapa nitakawia.

Aliposikia naenda Thika, marehemu babu yangu, aliyekuwa fundi kabla yangu, aliniambia, "Huko ndiko nguo ilikokuwa ikifumwa." Alikuwa anakijua kiwanda cha Thika Cloth Mills, kilichokuwapo tangu kabla ya uhuru na ambacho bado kinafuma hadi leo, pamba ya humu nchini ikigeuzwa uzi, uzi ukawa kitambaa, kitambaa kikatiwa rangi mahali pamoja. Vipo vingine vilivyokuwapo na havipo. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba ikamiminika, mkulima wa pamba akakosa wa kumuuzia, na viwanda vya nguo nchi nzima vikafunga kimoja baada ya kingine. Nina mteja mzee, mlinzi wa usiku sasa, aliyekuwa mfumaji hapa Thika. Akija kuchukua sare ya mjukuu wake hushika pindo la sketi kwa vidole viwili, akalisugua, akakuambia kama uzi umesokotwa vizuri au la. Hajakosea mbele yangu hata mara moja. Mikono kama ile ukiikuta imekaa bure, inauma.

Basi nilifika nikidhani kitambaa cha Thika kitakuwa kimejaa maduka ya Thika. Sivyo. Majora mengi utakayoyakuta dukani ni ya kutoka nje, tetroni ya mashati na gabadini ya sketi na kaptura, mengi plastiki tupu. Mtoto akivaa shati la plastiki saa nane mchana darasani, wana arobaini na watano, jasho halina pa kwenda. Mwalimu analalamika watoto wanasinzia, mzazi analalamika shati linanuka, na aliyekata kitambaa ni mimi.

Njia ya kujua ni rahisi na kila mzazi aijue. Omba uzi mmoja kutoka ukingo wa jora, uwashe kwa kiberiti nje ya duka. Pamba huwaka kama karatasi, ikaacha jivu laini linalosagika kidoleni. Plastiki hukunja, huyeyuka, ikaacha punje nyeusi ngumu kama ya pilipili manga. Ikiwa mchanganyiko, utaona jivu na vijipunje pamoja, na ukizoea utakadiria kipi kimezidi. Mwuzaji anayekukatalia uzi mmoja, mwachie duka lake.

Nilijifunza hayo kwa hasara. Mwaka wa pili nilinunua jora zima la gabadini ya kijani katika duka moja mjini, bei nzuri, mwuzaji mchangamfu. Nikakata sketi arobaini za marinda. Sketi ya mtoto wa Gredi 4 inakula mita moja na robo, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Wiki ya kwanza ya muhula mvua ikanyesha, na watoto wakarudi nyumbani soksi nyeupe zimekuwa za kijani. Wazazi walikuja karakanani wakiwa wameshika soksi mikononi. Nilirudi dukani na sketi moja na soksi moja, mwuzaji akaniambia nguo ikishakatwa haina kurudi. Nilinunua kitambaa kingine kwa mkopo wa chama cha akina mama na nikashona zote arobaini upya, kwa sababu shule ile ndiyo iliyokuwa imeniamini kwanza. Bado ni wateja wangu.

Leo nina duka moja tu la kitambaa, mbele ya soko la Jamhuri, la mama mmoja na binti yake. Wananikatia kipande cha kuoshea siku mbili kabla sijanunua jora. Kitambaa cha pamba kilichofumwa humu nchini wanakileta nikiagiza mapema, ni ghali kwa karibu theluthi, na nimewaambia walimu wakuu watatu ukweli huo bila kuficha: shati moja la bei hii litamaliza mwaka na nusu, mawili ya bei ile hayamalizi mwaka. Wawili wamekubali. Huyo wa tatu bado nampelekea sampuli kila Oktoba.

Na wenye kushona, sikilizeni hili, maana ndilo lililonifunga hapa. Mwaka 2017 mashine yangu ya ovaloki, ile ya kuziba kingo za kitambaa zisifumuke, ilikatika kipande cha ndani, kidogo kama ukucha, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa. Nairobi wakaniambia kiagizwe, siku ishirini. Kijana wa duka la vipuri akanielekeza upande wa viwandani kwa fundi anayekereza chuma. Mzee akakishika kile kipande kilichovunjika, akakipima, akaniambia nikanywe chai. Saa kumi alasiri nilikuwa na kipya, shilingi 600, na mpaka leo ndicho kinachofanya kazi. Mji ambao umeunganisha malori tangu miaka ya 1970, Leyland wakati ule, Kenya Vehicle Manufacturers siku hizi, haukosi mzee wa kukereza chuma. Mji ambao Bidco wanasafishia mafuta ya kupikia na Del Monte wanatia mananasi mikebeni una mafundi wa motokaa, wa mota za umeme, wa mikanda, wa kuchomelea, mitaa mizima. Wanalishwa na viwanda, na mimi mwenye mashine nne napata makombo ya ujuzi wao. Hicho Roysambu hakipo.

Wateja pia wapo, maana Thika ni mji wa shule. Kuna shule za msingi kila mtaa, za sekondari kama Chania na Thika High, na zile mbili za Jeshi la Wokovu ambazo watoto huja kutoka kila pembe ya nchi: shule ya wasioona, iliyoanza 1946, na Joytown ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Nilimshonea msichana mmoja asiyeona sketi ya marinda. Alipoivaa alipitisha vidole kiunoni polepole, akihesabu, akasema, "Mama, la saba ni jembamba." Nikachukua futi. La saba lilikuwa limepungua nusu sentimita. Nikalifumua pale pale. Tangu hapo nafunga macho na kupitisha vidole kwenye kila sketi kabla ya kuikunja, na nawafundisha wasichana wangu wa karakana wafanye vile vile. Kwa mtoto wa Joytown anayekaa kwenye kiti cha magurudumu, kaptura inakatwa nyuma juu zaidi na mfuko unahamia mbele ya paja. Hayo hakuna anayekufundisha, unaulizwa na mtoto mwenyewe.

Chakula nitasema haraka. Mtu wa pwani hatakufa njaa. Majengo utapata mahamri na mbaazi za nazi kabla jua halijatoka, na utasikia Kiswahili cha kukutuliza moyo. Msikiti uko karibu, madrasa zipo, nyama ya halali haina taabu. Nazi moja imefika shilingi 90, kwa hiyo wali wa nazi ni wa Ijumaa. Vinginevyo nimezoea. Barabara ya Garissa inaleta pojo, mbaazi na maembe ya Ukambani, na soko la Madaraka asubuhi mapema linakuuzia gunia kwa bei ambayo Nairobi watu hawaijui. Githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, nilidharau mwaka wa kwanza, sasa watoto wangu wanapigania sufuria. Nyuma ya soko kuna kibanda cha mama mmoja wa Murang'a, benchi mbili, chapati 20 na madondo 50. Chapati zake ana mazoea ya kuzikunja mara mbili kabla ya kuzisukuma, zinaachana tabaka kwa tabaka kama za kwetu. Nilimuuliza alijifunza wapi, akaniambia alifanya kazi Malindi akiwa msichana. Ikifika saa saba na nusu zimekwisha, na hapiki tena hata umbembeleze.

Mapumziko. Sikukuu ya Idi huwapeleka watoto Blue Posts, hoteli iliyosimama hapo tangu 1908, kabla hata ya reli. Bei ya chai yake si ya kila wiki, lakini unakaa kwenye bustani ukiyaona maporomoko ya Chania upande mmoja na ya Thika upande wa pili, na sauti ya maji inafunika hata ya magari. Watoto wangu wa bahari walikuwa hawajawahi kuona maji yakianguka. Fourteen Falls, karibu na mlima Ol Donyo Sabuk, ni pazuri zaidi kwa macho, maporomoko yamejipanga kama meno. Ila huo ni mto Athi, na Athi hubeba uchafu wa mito ya Nairobi. Nilipowapeleka kulikuwa na povu jeupe juu ya maji na harufu, na kuna vijana wanaoruka humo kwa shilingi mia ili wageni wawapige picha. Sikuweza kutazama. Nenda msimu wa mvua ndefu, na usiwaache watoto waguse maji.

Baridi ya Julai mdogo wangu aijue. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Si kali kama ya Limuru, lakini asubuhi vidole havishiki sindano hadi saa tatu, na mafuta ya cherehani huwa mazito. Mwaka wa kwanza nililia. Sasa nashona masweta kwa mashine ya mkono, na Julai ndiyo inayolipa karo ya muhula wa tatu.

Yanayonikera ni mitaro. Mvua ya nusu saa na mitaa ya katikati ya mji inakuwa mto, maji yanaingia dukani, na nimeinua rafu zangu zote futi moja kutoka sakafuni. Taka zikikaa siku nne kona ya mtaa wetu, tunachanga na majirani kulipa mkokoteni. Na Kiandutu, kilomita chache kutoka ilipo hoteli yenye bustani, watu wanaishi kwenye mabati bila choo cha maana, wengi wao ndio wanaofanya vibarua katika mashamba na viwanda vinavyoupa mji huu jina. Wasichana wangu wawili wa karakana wanatoka huko. Mmoja sasa anakata kola bila kupima, jicho lake limeshika.

Kwa hiyo jibu langu kwa mdogo wangu ni hili. Cherehani zako mbili zitapata kazi. Ukitaka kuja ufanye kazi Nairobi ulale hapa, baki Kisauni ulipo na bahari. Ukitaka kuja ufanye kazi hapa hapa, njoo, na uje Februari, wala usije Desemba, kwa maana Desemba na Januari mimi mwenyewe sitakuwa na dakika ya kukuonyesha mtaa, na jora zuri la gabadini ukilitafuta baada ya tarehe kumi na tano Desemba utakuta ukingo tu. Njoo na treni ya asubuhi hadi Nairobi, kisha 237, na uulize kama Thika ni mwisho. Chumba cha biashara kinachopakana na changu mpangaji wake anahama mwisho wa Januari. Kina umeme wake, sakafu iko juu ya barabara, kodi 7,000 na amana ya mwezi mmoja. Nimemwambia mwenye chumba asimpe mtu mpaka Jumamosi, nami bomba nimelifungua, linatoka.